MIZIZI IKIJAA CHUNGU: KWA NINI MTI UNAFIA KWA MTEJA, NA JINSI YA KUPOGOA MIZIZI KABLA HUJAUZA

Somo la leo ni la wale tunaouza maua ya vyungu, miche na miti ya mapambo mtandaoni. Kama wewe unauza viatu au vyombo, soma kisa cha mwanzo na sehemu ya mteja kule chini, utapata cha kuondoka nacho.

Nianze na hasara yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka wangu wa kwanza wa biashara, mama mmoja aliniandikia WhatsApp. Anafungua gesti, anataka fikasi 10 za kuweka koridoni na mapokezi. Nilikuwa nazo 10 kamili. Zilikaa kwangu karibu miezi nane kwa sababu wateja walikuwa wanauliza bei halafu wanapotea. Nikamfanyia 25,000 kila moja, jumla 250,000. Nikapiga picha, majani yanang'aa, urefu umefika kifuani. Akalipa yote kabla mzigo haujatoka. Siku hiyo nilijiona tajiri.

Wiki ya tatu ikaingia meseji: "Dada, miti inapukutika majani." Nikajibu fasta bila kufikiri: "Mama, ongeza maji." Akaongeza. Siku tano baadaye akatuma picha, hali mbaya zaidi. Nikamwambia labda mwanga hautoshi, asogeze dirishani. Akasogeza. Mwisho akaandika chini ya posti yangu, mbele ya watu wote: "Huyu dada anauza miti inayokufa." Saba kati ya 10 zilikuwa hoi. Nikamrudishia 175,000. Hela yenyewe nilishalipia kodi ya fremu, kwa hiyo nilikopa.

Kilichoniuma kuliko hela ni kwamba yule mama alifanya kila nilichomwambia. Mimi ndiye niliyekuwa sijui ninachouza.

Nikaichukua ile miti saba. Mmoja nikampelekea mzee mwenye kitalu pembeni ya barabara, mtu wa siku nyingi kwenye kazi hii. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuniuliza maswali. Alichukua kopo la maji akamimina juu ya udongo. Kabla sijahesabu hadi kumi, maji yote yametoka kwenye tundu la chini. Kisha akakibinya chungu, akakilaza, akautoa mti mzima mzima. Udongo karibu hauonekani. Ilikuwa mizizi tupu, imezunguka kwa kufuata umbo la chungu kama kamba iliyokunjwa ndani ya ndoo.

Akaniambia, "Mwanangu, huu mti hauna pa kunywea. Maji mnayoweka yanapita tu."

NINI KINATOKEA NDANI YA CHUNGU

Mzizi unasogea kutafuta maji na chakula. Shambani ukikuta jiwe unapita pembeni unaendelea na safari. Kwenye chungu unagonga ukuta, unageuka, unafuata ukuta, unazunguka. Kila mwezi unaongezeka mzunguko mwingine.

Sasa kumbuka Biolojia ya shule. Mizizi minene kazi yake kubwa ni kuushika mti, kusafirisha maji na kutunza chakula. Inayofyonza maji kwa wingi ni ile myembamba, hasa karibu na ncha zake zenye vinyweleo. Chungu kikijaa mizizi minene, mambo matatu yanatokea:

Kwanza, udongo unakuwa kidogo mno, hakuna pa kuhifadhi maji wala mbolea.

Pili, lile donge la mizizi likikauka linasinyaa na kuachana na ukuta wa chungu. Ukimwagilia, maji yanapita kwenye ule upenyo na kutoka chini. Katikati panabaki pakavu.

Tatu, mizizi inayozunguka inazidi kunenepa na kubanana. Mingine inaweza kulizunguka shina na kulikaba mti ukiendelea kukua.

Utauliza, mbona kwangu ile miti ilikuwa inang'aa? Kwa sababu nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, na ilikaa kivulini nje, penye unyevu. Shida ilijificha. Ilipofika kwenye gesti yenye viyoyozi, ikawa inamwagiliwa mara mbili kwa wiki kama maua mengine. Ndipo ukweli ukajitokeza. Kwa hiyo mti kuonekana mzima kwako si ushahidi kwamba utakuwa mzima kwa mteja.

DALILI ZA CHUNGU KILICHOJAA

Kagua hivi kabla hujanunua kitaluni na kabla hujauza:

1. Mizizi inachungulia kwenye tundu la chini au imejitokeza juu ya udongo.
2. Ukimwagilia, maji yanatoka chini papo hapo.
3. Mti unanyauka siku moja tu baada ya kumwagiliwa, wakati wenzake hawana shida.
4. Majani mapya ni madogo kuliko ya zamani, au ukuaji umesimama kabisa.
5. Majani ya chini yanakuwa njano moja moja.
6. Chungu cha plastiki kimevimba au kimepasuka ubavuni.

Dalili moja peke yake haitoshi, maana njano inaletwa na mengi, hata maji kuzidi. Njia ya uhakika ni kuutoa mti uangalie. Ukiona mizizi imefunika nje yote na inazunguka, hicho chungu kimejaa. Ukiona udongo mwingi na mizizi michache myeupe, rudisha, usiguse.

KWA NINI KUKATA KUNASAIDIA

Hata mimi niliogopa. Ukate mizizi halafu mti upone? Lakini fikiria michongoma ya uani. Ukiikata juu inachipua matawi mengi pale chini ya ulipokata. Mizizi nayo ina tabia hiyo. Ukikata mzizi mnene, nyuma ya kidonda inatoka mizizi mingi myembamba, na hiyo ndiyo inayokunywa. Wajapani wenye ile miti midogo ya bonsai wanapogoa mizizi kila baada ya miaka michache, na kuna miti inayoishi kwenye vyungu vifupi hivyo kwa miaka mingi sana.

Je, si rahisi kuhamishia chungu kikubwa tu? Ndiyo, unaweza, kama mteja anataka mti uendelee kukua. Ila mizizi iliyozoea kuzunguka usipoikata, itaendelea kuzunguka humo humo. Pia usiruke kutoka chungu kidogo hadi ndoo ya lita 20. Udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji muda mrefu na mizizi inaoza. Ongeza upana wa sentimita 3 hadi 5 tu.

VIFAA

Havizidi hivi: kisu kikali au mkasi wa kupogolea, spiriti na kitambaa cha kufutia, kijiti cha kuchokonolea, udongo mpya, na glavu.

Futa kisu kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohamia mti mwingine, usije ukabeba ugonjwa kutoka mmoja kwenda wa pili. Glavu usizidharau. Fikasi inatoa utomvu mweupe unaowasha ngozi ya baadhi ya watu.

Udongo wangu ni huu: ndoo mbili za udongo wa juu wenye rutuba, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga au pumba za mpunga zilizochomwa. Samadi mbichi hapana, inaunguza mizizi yenye vidonda.

HATUA KWA HATUA

1. Mwagilia siku moja kabla. Mti uwe umekunywa, na donge lisiwe kavu wala tope.

2. Fanya kazi kivulini, asubuhi mapema au jioni. Mizizi isipigwe jua wala upepo. Udongo mpya uwe tayari pembeni.

3. Utoe mti. Laza chungu, kibinye au kigonge ubavuni, shika shina karibu na udongo na uvute taratibu. Ukigoma, pitisha kisu kuzunguka ukuta. Usivute kwa nguvu.

4. Chokonoa kwa kijiti kuanzia nje na chini, ulegeze mizizi iliyobanana. Udongo wa zamani udondoke, ila ule wa katikati karibu na shina uache.

5. Kata. Ondoa kwanza mizizi iliyooza, ile myeusi, laini, yenye harufu. Kisha kata sehemu ya chini, kipande cha sentimita 2 au 3, kama unavyokata kitako cha mkate. Kisha punguza pembeni ile minene inayozunguka. Kama donge ni gumu halichokonoleki, lichanje kwa kisu kutoka juu hadi chini mara tatu au nne kuzunguka, kina cha sentimita moja hivi, ili ule mzunguko ukatike.

6. Usizidishe theluthi moja ya mizizi yote. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, ishia robo. Myembamba iache kadiri unavyoweza, punguza minene.

7. Rudisha chunguni. Kama tundu ni kubwa weka kipande cha chandarua au kigae kuzuia udongo usitoke. Tabaka la kokoto chini halisaidii kutoa maji kama tunavyoambiana, linakula tu nafasi ya udongo. Weka udongo mpya chini na pembeni, uingize kwa kijiti usiache mashimo ya hewa. Shina likae kina kile kile cha mwanzo.

8. Mwagilia hadi maji yatoke chini. Baada ya hapo subiri udongo wa juu ukauke kidogo ndipo umwagilie tena. Mizizi imepungua, haiwezi kunywa kama zamani, kwa hiyo ukijaza maji kila siku utaiozesha.

9. Kama umekata sana chini, punguza kidogo na juu, matawi dhaifu na yaliyosongamana. Majani ndiyo yanayopoteza maji.

10. Kivulini wiki mbili. Mbolea ya dukani usiweke hadi mwezi mmoja upite au uone machipukizi mapya.

Siku za kwanza majani machache yanaweza kudondoka. Usishtuke, usianze kuhangaika na maji.

MUDA GANI MZURI

Mti ukiwa kwenye kukua unapona haraka. Kwa sisi wa Dar na ukanda wa pwani, mvua zinapoanza ni wakati mzuri, masika kuanzia Machi au vuli kuanzia Oktoba, kwa sababu hewa ina unyevu. Ule mwezi wa jua kali bila mvua, kama si dharura, acha. Usipogoe pia mti unaotoa maua, unaoumwa, au uliofika kwako jana kutoka safari.

SI KILA MMEA UNAKATWA HIVYO

Fikasi: inavumilia sana. Jifunzie hapo.

Sansevieria, ile ya majani marefu kama upanga: inapenda kubanwa kidogo, usiwe na haraka. Ikijaa sana, igawanye. Chungu kimoja kinakupa viwili au vitatu vya kuuza, kila kipande kiwe na mizizi yake.

ZZ: chini ina vitu kama viazi, ndivyo vinavyotunza maji. Usivikate vipande, viachanishe pale vinapoachana vyenyewe. Mmea huu asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, na nje wanauuza hata kwa jina lenye Zanzibar ndani. Liweke hilo kwenye posti yako, wateja wanalipenda.

Adeniamu, waridi la jangwani: inakatwa mizizi, lakini utaratibu wake ni tofauti kabisa. Ukishakata, iache kivulini bila udongo siku kadhaa hadi vidonda vikauke, ndipo upande kwenye udongo mkavu wenye mchanga mwingi, na maji uchelewe kidogo. Ukimwagilia siku ile ile inaoza. Utomvu wake ni sumu, huko nyuma watu waliutumia kwenye mishale. Vaa glavu, watoto wasisogee.

Bogenvilia: mizizi yake ni dhaifu, donge likivunjika inaweza kufa. Hamishia chungu kikubwa kidogo bila kuichokonoa.

Minazi ya mapambo na jamii yote ya mitende: usikate. Nayo hamishia tu.

Mpapai na mparachichi: haipendi kuguswa mizizi. Uza miche ikiwa bado michanga, isizeekee kwenye kiriba.

KWA WANAOUZA MICHE YA VIRIBA

Hapa ndipo pana dhambi kubwa zaidi, maana mteja wa fikasi atajua ndani ya mwezi, ila wa mwembe anaweza kujua baada ya miaka. Mzizi mkuu ukijikunja ndani ya kiriba, mti unaweza kudumaa au kung'oka na upepo ukiwa mkubwa, wakati ameshautunza muda wote huo.

Viriba vikikaa chini, mizizi inatoboa na kuingia ardhini. Siku ya kuuza unavuta, mizizi inakatika yote kwa mpigo, mche unanyauka njiani kabla haujafika. Dawa yake ni kuinua viriba kila baada ya wiki chache na kukata mizizi iliyotoka chini, kidogo kidogo, halafu unamwagilia na kuweka kivuli. Bora zaidi, panga viriba kwenye meza ya wavu au fito iliyoinuka kutoka ardhini. Mzizi ukitokeza chini ukakuta hewa, ncha inakauka yenyewe na mzizi unatoa matawi ndani ya kiriba. Hewa inakupogolea bure.

Mche uliokaa muda mrefu kidogo, mwelekeze mteja akate kitako cha kiriba sentimita 1 au 2 wakati wa kupanda kuondoa mizizi iliyojikunja, na aondoe kiriba chote. Mche ambao mzizi mkuu umepinda kama ndoano, usiuze. Kula hasara.

SASA UPANDE WA BIASHARA

Usiuze mti uliotoka kupogolewa. Mimi nasubiri wiki tatu hadi nne, hadi nione chipukizi jipya. Kuutia kwenye basi la Dodoma siku tatu baada ya kuukata ni kuua mti na jina lako.

Andika tarehe. Kila chungu kwangu kina kipande cha plastiki kimeandikwa tarehe kilipoingia na tarehe mizizi ilipokaguliwa. Kikifika miezi sita natoa mti naangalia.

Weka gharama kwenye bei. Udongo, spiriti na muda wako ni hela. Asubuhi moja napogoa miti sita hadi nane. Niliongeza 2,000 kwa kila mti na hakuna mteja aliyelalamika, kwa sababu naeleza inalipia nini.

Piga picha ya mizizi. Hii ilitoka kwa yule mama wa gesti. Miti yake saba niliipogoa yote nikifuata maelekezo ya yule mzee. Miwili ilikufa, mitano ikachipua baada ya miezi miwili hivi. Nikampigia simu nikamwambia ukweli: kosa lilikuwa langu, nilikudanganya kuhusu maji kwa kutokujua, miti mitano imepona. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitachukua mitatu. Ila safari hii nionyeshe mizizi kwanza." Nikamtumia video natoa mti chunguni. Akalipa. Tangu siku hiyo kila posti ya mti mkubwa ina picha mbili, ya juu na ya chini. Ile posti yenye maneno yake sikuifuta. Yeye mwenyewe alirudi akaongeza chini yake kwamba tumemalizana.

Na meseji hii natuma kila mzigo unapotoka. Inakili, badilisha unavyotaka:

"Asante kwa kununua. Mti wako ulipogolewa mizizi tarehe fulani na umeshachipua. Uweke penye mwanga bila jua kali wiki ya kwanza. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu mwagilia hadi maji yatoke chini. Mbolea subiri mwezi. Ukiona majani yanadondoka mengi, nitumie picha ya mti NA ya tundu la chini la chungu kabla hujafanya chochote."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imeniokoa mara nyingi. Mteja akisema mti unaumwa, mimi na wewe tusikimbilie "ongeza maji". Tuombe kwanza picha ya chini.

Ukimaliza kusoma, nenda kwenye stoo yako, chagua mti uliokaa muda mrefu kuliko yote, utoe chunguni uangalie. Picha ya utakachokikuta weka hapo chini, tusaidiane. Mwezi ujao nitaeleza jinsi ya kufunga mti wa chungu kwa ajili ya kusafiri na basi bila udongo kumwagika.

Biashara njema.